Giligilani katikati ya kabichi



Migombani kwetu, Tukuyu, Kiwira, Katumba hadi Mwakaleli, huoni udongo uliokaa mtupu: chini ya ndizi kuna kahawa, magimbi, maharage. Ukifika kwenye bustani ya mboga, mambo yanageuka. Tuta limepaliliwa likang'aa, kabichi zimejipanga kama mgambo kwenye gwaride. Linapendeza, na wadudu nao linawapendeza.

Watafiti wawili wa Uingereza, Stan Finch na Rosemary Collier, walilieleza jambo hili mwaka 2000. Walimchunguza inzi wa kwao ambaye funza wake hula mizizi ya kabichi. Harufu humwita, lakini akishakaribia hutua kwenye chochote cha kijani, akaonja jani kwa miguu. Hatagi papo hapo. Huruka na kutua tena mara kadhaa, ajiridhishe. Kwenye tuta tupu, kila atuapo ni kabichi. Pakiwa na majani mengine, anatua pasipofaa, anaanza upya, mwishowe anaondoka zake. Hata karatasi za kijani zilimchanganya! Basi sifa ya kufukuza wadudu tunayoipa harufu ya viungo, sehemu kubwa ni ya majani yake.

Hila hiyo tuijaribu kwa viwavi wa kabichi zetu: anza na giligilani. Sia mbegu katikati ya mistari wiki mbili kabla ya kupandikiza miche ya kabichi, iwe imeshachomoza. Acha nafasi, kabichi isisongwe. Nyingine chuma kwa kachumbari, nyingine iache itoe maua: nyigu wadogo hufuata utamu wa maua hayo, kisha hutaga mayai ndani ya viwavi. Mnanaa upande kwenye ndoo mbovu, la sivyo, kwa mvua zetu hizi, utameza tuta zima. Rozimari huoza mizizi penye maji; itafutie ukingo ulioinuka.

Kwenye nyanya na viazi, mimi nasita. Adui mkubwa huko ni bakajani, ugonjwa wa unyevu usiojali harufu wala ujani. Ukibananisha viungo hapo unazuia upepo, majani hayakauki, nawe umeukaribisha ndani.

Usinikubalie kwa maneno ya redioni tu. Tuta moja lipande giligilani, jingine liache kama ulivyozoea. Kila Jumamosi geuza majani ya kabichi kumi kwa kila tuta, hesabu viwavi, andika. Daftari la mtoto wa shule linatosha.