Madhara ya Mionzi Yanayokawia Kichwani



Neno letu lawahusu wenzetu waliopigwa mionzi ya kichwa huko Nairobi kwa ajili ya uvimbe wa ubongo, wakarudi nyumbani na nguvu zao, nasi tukadhani mambo yamekwisha.

Tumfikirie mkulima wa kahawa. Mwaka wa tatu baada ya matibabu, husahau kilo za buni alizopeleka kiwandani. Huwa mzito wa kujibu, huyumba njiani, na mkojo humponyoka. Jirani husema ni pombe. Wengine husema ni mkono wa mtu. Mkewe huchoka, na vijana huanza kuulizana habari za shamba.

Yatupasa kujua kwamba mionzi ikiua uvimbe huweza pia kujeruhi mishipa midogo ya damu na utando unaofunika nyuzi za ubongo. Jeraha hilo huenda polepole. Huweza kuonekana baada ya miezi sita, au miaka mingi, hata kupita kumi. Pengine nyama ya ubongo hufa mahali pamoja, na katika picha hufanana mno na uvimbe uliorudi, hata madaktari hodari wakatatizika. Kwa hiyo asitokee mtu wa kumwambia mgonjwa kwamba amekwisha kabla ya kuchunguzwa. Ubongo ukifura, dawa kama deksamethasoni huweza kuutuliza. Tezi iliyo chini ya ubongo ikidhoofu, mtu akawa mchovu daima, hilo hupimwa kwa damu na hutibiwa kwa vidonge. Kumbukumbu iliyopotea, hatutawadanganya, mara nyingi hairudi yote.

Daktari atauliza ni sehemu gani iliyopigwa, lini, na kwa kipimo gani. Uvimbe mkali mara nyingi hupewa grei 60 kwa mara 30. Haya yote yameandikwa katika karatasi za hospitali, ambazo majumbani kwetu hufungiwa sukari! Zitunzeni pamoja na hati ya shamba, mkaende nazo Kerugoya dalili zikianza.

Nanyi wazee, mkiletewa shauri la ardhi ya mtu wa namna hii, twawaomba msilikate kabla hajapimwa, wala asitie sahihi peke yake.