Jina la Fundi na Saini Yake
Mazungumzo na wakazi wa Rusizi kuhusu kibali cha kazi ya umeme

Ndugu wakazi wa Kamembe, Gihundwe na Mururu. Wazee wetu, mama zetu mliofunga vibanda mapema ili mfike hapa, nanyi mafundi vijana mliosimama kule nyuma karibu na mlango: tunawashukuru kwa kuitika. Twajua kwamba polisi anapoita mkutano juu ya mafundi, wapo wanaodhani msako unakaribia. Hatukuja kwa msako. Tumekuja kuzungumza juu ya jambo ambalo sisi hulikuta likiwa limekwisha kuharibika, kwa kuwa kazi yetu, kwa bahati mbaya, huanza pale moshi unapoonekana.

Wengi mnakumbuka mwaka 2014. Mwezi Juni gereza la Muhanga liliungua. Mwezi Julai likafuata la Rubavu. Na katika siku hizohizo maduka ya katikati ya mji wa Kigali nayo yakawaka. Katika maelezo yaliyotolewa juu ya mioto ya wakati ule, hitilafu za umeme zilitajwa mara kwa mara. Tangu hapo askari anayefika penye majivu hujifunza kuuliza swali moja kabla ya mengine: nani aliyefunga nyaya hizi?

Swali hilo tumeliuliza hata hapa kwetu. Yupo mama mmoja, hatutamtaja wala hatutasema anakaa mtaa gani, aliyekuwa na kinu cha kusaga mihogo na mahindi. Moto ulianza usiku, kinu kikiwa kimesimama lakini swichi kuu haijazimwa. Hakuna aliyekufa, na kwa hilo tunamshukuru Mungu. Yaliyoteketea ni magunia ya unga, paa, na cherehani mbili za jirani aliyepanga chumba cha pili. Tulipomuuliza mama huyo jina la fundi wake alijibu upesi, kama mtu anayemjua vizuri: ni Kadogo. Kadogo nani? Hakujua. Anakaa wapi? Ng'ambo. Namba yake ya simu ilikuwepo, lakini haikupatikana siku ile wala siku zilizofuata.

Msimhukumu Kadogo haraka. Mama alimsifu mbele yetu: kijana mpole, mwenye bei ya huruma, aliyekuja hata usiku akiitwa. Ukutani tulikuta nyaya nyembamba kuliko zinazostahili mota ya kinu. Mota ya namna ile, inapoanza kuzunguka, huvuta umeme mara tano au sita kuliko inapokuwa imekwisha kushika mwendo. Tulikuta pia kwamba disjonkta, ile swichi inayokata umeme mzigo unapozidi, ilikuwa imeondolewa na kuwekwa kubwa zaidi. Ndipo mama akakumbuka kwamba ile ya kwanza ilikuwa ikijikata kila asubuhi na kuwachosha wateja, na kwamba kijana mwingine wa mtaani ndiye aliyekuja kuibadilisha. Au labda alikuwa Kadogo mwenyewe. Hakuwa na hakika. Hakukuwa na karatasi.

Basi mwenye nyumba akamdai mama paa lake, na jirani akamdai cherehani zake, naye hakuwa na mtu wa kumdai. Kadogo naye, kama kweli hakuigusa ile disjonkta, hana chochote cha kumtetea siku atakaposhikwa. Kibali cha fundi, ndugu zetu, wengi hukiona kuwa ni ushuru mwingine wa serikali. Sisi tuliosimama katika majivu yale tunakiona kwa jicho lingine: ni jina kamili la mtu, namba yake, na saini yake chini ya kazi aliyoifanya.

Sheria yenyewe si ngumu kuieleza. Nguzo, waya wa nje na mita ya Cashpower ni mali na jukumu la shirika la umeme. Kuanzia mita kuingia ndani, nyaya ni za mwenye nyumba. Kwa sehemu hiyo ya ndani kanuni za RURA, mamlaka inayosimamia huduma za umeme, maji na nyinginezo katika nchi yetu, zinataka kazi ifanywe na mtu mwenye kibali chake. Vibali vina madaraja: anayeruhusiwa kufunga taa za nyumba ya vyumba vitatu si lazima aruhusiwe kufunga kiwanda. RURA huangalia masomo na uzoefu wa mwombaji, na majina ya wenye vibali huyatangaza hadharani. Kwa hiyo usiridhike na kitambulisho kinachoning'inia shingoni. Soma jina na daraja, kisha ulitafute jina hilo katika orodha. Asiyejua kutumia mtandao amwombe mtoto wa shule, au apite kituoni kwetu tumtazamie.

Tunajua mtakalosema, kwa sababu limekwisha kusemwa: mafundi wetu bora wametoka Bukavu. Ni kweli, nasi hatutalikana. Mji ule una mafundi wa miaka mingi, na mto Rusizi umekuwa ukizungusha mitambo ya umeme tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, ilipojengwa Ruzizi ya Kwanza pale ziwa Kivu linapomwaga maji yake. Mwaka 1989 ikafuata Ruzizi ya Pili, ambayo umeme wake hugawanywa kati ya Kongo, Rwanda na Burundi chini ya shirika moja la pamoja, SINELAC. Mtoto wa Mururu amekua akisikia mngurumo wa mitambo. Hakuna wa kutuambia kwamba watu wa bonde hili hawaujui umeme.

Lakini ujuzi hauvuki daraja pamoja na dhamana. Fundi akivuka kurudi kwao, sisi hatuna mamlaka ya kumfuata. Tunaweza tu kuwaomba wenzetu wa upande wa pili, tena kwa jina ambalo mara nyingi hatunalo. Nanyi mnaopeleka mafundi wetu kufanya kazi kule, jueni kwamba mama wa kule naye hubaki na jina la utani na namba ya simu isiyopatikana.

Wengine huuliza, je, Jumuiya ya Afrika Mashariki haikufuta mambo haya? Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika mwaka 2010, na Kongo ikajiunga na Jumuiya mwaka 2022. Itifaki hiyo inasema nchi zitambuliane vyeti vya kitaaluma. Hata hivyo kutambuliana kwenyewe hufanywa taaluma kwa taaluma, kwa mikataba ya pekee. Wahasibu, wasanifu majengo na wahandisi walitangulia. Fundi wa nyaya za majumbani bado anapimwa na kila nchi kwa mizani yake. Kenya ina EPRA na madaraja yake kutoka C2 hadi A1. Tanzania ina EWURA. Kijana wetu aliyefanya kazi Mwanza na kupata leseni ya kule amepata kitu cha thamani, na akirudi atauonyesha kama ushahidi wa uzoefu, lakini hakimruhusu kufungua ukuta wa nyumba ya Kamembe. Tungependa iwe vingine. Watu wanaoishi wakitazamana kwa mto mmoja wangestahili utaratibu mwepesi zaidi, na jambo hilo tumelisema katika vikao vyetu.

Sasa tuwageukie ninyi mafundi. Wengi wenu hamkusoma shule ya ufundi. Mlibeba begi la fundi mkubwa miaka minne, mitano, mpaka mkono ukazoea. Hatuwaiti matapeli. Ipo nchini njia ya kumpima fundi kwa vitendo ili ujuzi alioupata kazini utambuliwe kwa cheti, na upo upande huu wa magharibi chuo cha ufundi cha Karongi, kilicho chini ya Rwanda Polytechnic. Tunajua kwamba safari ya Karongi ni nauli na ni siku za kazi zilizopotea. Kwa sababu hiyo tunawashauri mwungane, muwe na ushirika, mmoja wenu aende kuuliza kwa niaba ya wote na kurudi na orodha ya karatasi zinazotakiwa. Wakati mnangoja, fanyeni kazi chini ya mwenye kibali, naye aje aone kazi kwa macho yake kabla ya kutia saini.

Hapo kwenye kuona kwa macho tunataka kukaa kidogo, maana ndipo penye donda. Wapo wenye vibali wanaokodisha majina yao. Kijana anafunga nyumba nzima, mwenye kibali anakaa mjini akinywa chai, jioni anapokea bahasha na kutia saini. Kwetu sisi huyo ana hatia kubwa kuliko Kadogo. Kadogo hakumdanganya mtu; alisema yeye ni Kadogo, na Kadogo ndiye aliyefanya kazi. Huyu ameuza kitu pekee ambacho kibali kilikuwa kikimpa mwenye nyumba, yaani uhakika kwamba mtu anayejua ametazama. Mkimjua wa namna hiyo mtuambie, naye tutampeleka kwa waliompa kibali.

Kwenu wenye nyumba na wenye vibanda, maneno machache ya kazi. Fundi akimaliza, aandike kwenye karatasi: jina lake kamili, namba ya kibali, tarehe, na alichokifanya, hata kama ni soketi moja tu. Aandike na unene wa nyaya. Kwa kawaida nyaya za milimita za mraba 1.5 ni za taa, na za 2.5 ni za soketi. Mama mwenye saluni anayewasha vikausha nywele vitatu vya wati 2000 kila kimoja, kwa umeme wetu wa volti 230, anavuta ampea 26 hivi. Akivipachika vyote kwenye waya uliofungwa kwa ajili ya taa, waya huo utapata moto ndani ya ukuta ambako hakuna anayeuona. Disjonkta ikijikata, imekuamsha. Mwite fundi atafute sababu, usimwite aiondoe. Piga picha ya karatasi hiyo kwa simu, na yenyewe uiweke pamoja na hati za nyumba. Mpangaji akihama, karatasi ibaki.

Na bei? Ndiyo, mwenye kibali hudai zaidi. Hatuwezi kuwaficha hilo, wala hatuna fungu la kuwasaidia. Mama wa kinu alituambia kiasi alichookoa kwa kumtumia Kadogo. Tulikihesabu pamoja naye, na hakikutosha kununua hata mabati ya upande mmoja wa paa.

Moto ukitokea, kateni umeme kwenye swichi kuu kama mnaweza kuifikia bila hatari, msimwage maji juu ya nyaya, watoeni watu, kisha mpige 111 kwa zimamoto, au 112 kwa dharura yoyote. Na siku tutakapofika, tafadhali msituambie kwamba hamjui nani aliyefunga, kwa kuogopa kumponza kijana wa jirani. Tunachotafuta kwanza ni kujua nyumba nyingine ngapi amezifunga kwa namna ileile, ili watu waliolala humo waamshwe.

Mama huyo amejenga upya, kidogo kidogo. Kinu kimerudi. Fundi wa safari hii aliandika karatasi, naye ameibandika ndani ya mlango, juu ya mizani, mahali ambapo kila mwenye gunia anaiona. Kadogo hajapatikana. Kama yupo anayemfahamu, upande huu au ng'ambo, amwambie kwamba hatumtafuti kumfunga. Tunataka kumuuliza juu ya ile disjonkta, na nyumba alizozifunga.

Tumesema ya kwetu. Sasa ni zamu yenu, na tungependa kuanza na wale vijana waliosimama karibu na mlango.