FAIDA YA KUHESABU MARADHI YA KIFUA
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Sindeni)



Mimi si mganga. Kazi yangu ni ukarani. Basi sitasema juu ya dawa, bali juu ya jambo lililo mikononi mwetu sisi watu wa kalamu, nalo ni hesabu ya maradhi ya kifua: mafua makali, kikohozi chenye homa, na nimonia.

Kipupwe kinapoingia, tangu Juni hata Agosti, watu wa Handeni na Korogwe hukaa ndani karibu na moto, milango imefungwa. Moshi wa kuni hudhuru vifua vya watoto, na maradhi ya mtu mmoja huenea upesi nyumba nzima. Kwa sababu hiyo wengi wetu hudhani kwamba maradhi haya ni ya baridi tu, na yatosha kuyahesabu wakati wa baridi. Dhana hiyo si sahihi. Huko Ulaya mafua makali hufuatana na majira ya baridi, walakini katika nchi zetu za joto hayana msimu mmoja. Wataalamu wa Kilifi, pwani ya Kenya, walianza mwaka 2002 kuwahesabu watoto wanaolazwa kwa kirusi kiitwacho RSV, ambacho hushambulia vifua vya watoto wachanga. Waliona kwamba aghalabu kirusi hicho huzidi mwisho wa mwaka na mwanzo wa mwaka mpya, yaani wakati wa kaskazi, jua likiwaka. Kama wangalihesabu wakati wa kipupwe peke yake, jambo hilo lingaliwapita.

Wazee wetu waliyaona madhara ya kutokuwa na hesabu. Mwaka 1918, Vita Kuu ya kwanza ilipokuwa ikimalizika, homa ya mafua iliingia Afrika ya Mashariki kwa njia ya bandari, ikasafiri pamoja na watu hata bara. Walikufa maelfu kwa maelfu. Idadi yao hasa haijulikani hata leo, maana vijijini hapakuwa na mtu wa kuwaandika. Na katika siku zetu wenyewe, mgonjwa wa kwanza wa Korona katika Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Mwezi wa Mei hesabu ilifika wagonjwa 509, kisha ikakaa bila kutangazwa kwa mwaka mmoja na zaidi. Maradhi hayakungoja hesabu irudi. Wahenga walikwisha kusema: mficha maradhi, kilio kitamfichua.

Sasa kazi yenyewe ni ipi? Si ngumu. Mtu mwenye homa ya digrii 38 au zaidi pamoja na kikohozi, vilivyoanza katika siku 10 zilizopita, huandikwa kuwa na dalili za mafua makali. Akiwa mahututi hata kulazwa, huandikwa katika fungu la pili, la maradhi makali ya kifua. Hesabu ya kila juma, tangu Jumatatu hata Jumapili, hutoka zahanati ikaenda wilayani, kisha mkoani, kisha Wizarani. Tangu mwaka 2008 Tanzania imekuwa na vituo vilivyochaguliwa ambako wagonjwa hupimwa ili kirusi chenyewe kijulikane. Nalo Shirika la Afya Duniani, kwa kutazama habari za nchi nyingi, hushauri mara mbili kwa mwaka, Februari na Septemba, chanjo ya mafua itengenezwe kwa aina gani za virusi. Kwa hiyo msidhani kwamba daftari la kijiji ni kitu kidogo.

Niliwahi kukabidhiwa madaftari ya zahanati moja, ambayo sitaitaja. Majuma matatu yalikuwa matupu. Nilipouliza, niliambiwa kwamba hapakuwa na wagonjwa. Lakini mzee mmoja wa kijiji alinieleza kuwa katika majuma hayo hayo walizika watoto wawili wa nyumba jirani, wote kwa kifua. Mwandishi alikuwa likizoni, wala hakuna aliyeishika kalamu mahali pake. Tangu siku ile nimejua kwamba sifuri na nafasi tupu si kitu kimoja. Sifuri maana yake tumetazama, hatukuona mgonjwa. Nafasi tupu maana yake hatukutazama. Anayesoma karatasi huko mkoani hawezi kubagua mambo haya mawili tusipomwandikia.

Najua baadhi yenu mtanijibu: hesabu hupanda kwenda juu, lakini jibu halirudi chini. Malalamiko hayo yana haki. Yatupasa kuomba jibu kila mara, kwa adabu na kwa maandishi. Lakini tusingoje jibu ndipo tuitumie hesabu yetu. Na ibandikwe karatasi ukutani katika kila zahanati: majuma chini, idadi ya wagonjwa ubavuni, na mstari wa wastani wa miaka iliyopita. Alama ikipita mstari, Mganga Mkuu wa Wilaya apigiwe simu siku hiyo hiyo.

Na nyumbani pia tuhesabu. Mtoto mwenye kikohozi atazamwe kifua akiwa ametulia, kwa dakika moja kamili ya saa. Aliye na umri wa miezi 2 hata 11, pumzi zikifika 50, na wa mwaka 1 hata 5, zikifika 40, apelekwe zahanati bila kukawia. Aliye chini ya miezi 2, kiasi chake ni 60.

Mabibi na mabwana, wale watoto wawili niliowataja hawamo katika daftari lo lote. Wajao na waandikwe wakiwa hai, ili watibiwe.