MATEMBEZI YETU YA JUMAPILI

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa)



Barua ya Katibu ilinitaka nizungumze juu ya mafanikio baada ya shule. Nimeisoma mara mbili, nikaona kwamba wenzangu waliosimama hapa miaka iliyopita wameyamaliza mafanikio yote na mimi wameniachia makombo. Kwa hiyo naomba nizungumze juu ya jambo dogo zaidi, nalo ni matembezi: mahali tulipokuwa tukienda siku ya Jumapili tulipokuwa vijana, tuliona nini huko, na kwa nini nadhani jambo hilo linawahusu ninyi mnaosoma leo kuliko linavyotuhusu sisi wenye mvi.

Tulioingia Kidato cha Kwanza mwaka 1975 tunalikumbuka daftari la ruhusa. Usafi ukikwisha na bweni likikaguliwa, unakwenda kwa mwalimu wa zamu, unaandika jina lako, unakokwenda na saa ya kurudi. Saa 12 jioni kengele ikilia, kila mtu awe ndani. Fedha hatukuwa nazo. Mwenye shilingi mbili mfukoni tulimwita tajiri, na tulihakikisha kwamba hatembei peke yake.

Matembezi ya karibu yalikuwa ya mjini humu humu. Mgeni akifika Mtwara hushangaa kuona barabara pana kuliko magari yaliyopo. Sisi tulishangaa pia, mpaka mwalimu wetu wa Jiografia alipotupeleka bandarini na kutueleza. Mji huu wa sasa ulichorwa kwa ajili ya karanga. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango wa kulima karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea, wapate mafuta ya kula baada ya vita. Kwa ajili ya shamba la Nachingwea walitaka bandari ya kina kirefu na reli ya kuifikia. Bandari ikafunguliwa mwaka 1954. Lakini mpango wenyewe ulikuwa umekwisha kuvunjwa tangu mwaka 1951, na zaidi ya pauni milioni 35 zilikuwa zimepotea. Reli ilisukumwa sukumwa kwa miaka michache, ikafungwa mwaka 1962, na vyuma vyake vikang'olewa.

Tukatembea juu ya mabaki ya tuta lile, mwalimu mbele, sisi nyuma. Akatuuliza: "Hawa watu walikuwa na fedha, matrekta na wataalamu. Walikosa nini?" Mmoja akasema mvua, mwingine akasema udongo. Mwalimu akasema yote ni kweli, lakini hayo mawili mkulima wa Nachingwea alikuwa anayajua, na hakuna aliyekwenda kukaa naye akamwuliza. Somo hilo sikulisahau, na mtaona lilinifaa wapi.

Matembezi ya pili yalikuwa ya Mikindani, mwendo wa kama kilomita 10. Tuliondoka asubuhi na mapema kabla jua halijawa kali. Mikindani ulikuwa mji wakati hapa Mtwara ni vichaka. Tuliziona nyumba za mawe na milango ya nakshi. Tuliliona boma walilojenga Wajerumani mwaka 1895, ambalo siku hizi ni hoteli. Wazee walituonyesha mahali watu walipouzwa kama mbuzi. Livingstone naye alipita hapo mwaka 1866, akaanza safari yake ya mwisho ya bara, safari ambayo hakurudi hai. Tulikaa chini ya mwembe tukala muhogo na samaki wa kukaanga kwa fedha za tajiri wetu, kisha tukarudi kwa haraka kwa kuogopa kengele.

Matembezi ya tatu, na kwangu mimi yaliyokuwa makubwa, ni ya Msangamkuu. Siku hizi kuna kivuko. Wakati ule tulivuka kwa mtumbwi, na mwenye mtumbwi alitutaka tupige kasia sisi wenyewe ili atupunguzie nauli. Huko ndiko nilikojifunza bahari. Nilizaliwa Ziwani, si mbali na maji, lakini kwetu tulikuwa watu wa korosho na muhogo. Bahari niliiona kama barabara ya watu wengine.

Jumapili moja ya bamvua maji yalikupwa mpaka mwamba ukabaki mkavu. Akina mama walikuwa wametawanyika, wengine wanatanda dagaa kwa nguo, wengine wanachokoa pweza. Tulimkuta bibi mmoja ameinama juu ya tundu. Tukamwamkia, "Shikamoo bibi." Akajibu marahaba bila kuinua kichwa. Mwenzetu mmoja akaokota jiwe kubwa ili aubomoe mwamba na kumtoa pweza kwa haraka. Bibi akamshika mkono.

"Mjukuu wangu," akasema, "hii ni nyumba. Ukimtoa huyu na nyumba ukaiacha, baada ya siku chache mwingine atahamia. Ukiibomoa nyumba, atahamia wapi?"

Akatuonyesha jinsi ya kuingiza kijiti taratibu na kusubiri. Akatufundisha kuhesabu siku za mwezi ili tujue bamvua ni lini na maji mafu ni lini, na kwamba maji yakianza kurudi hayamngojei mtu. Hapa petu baina ya kupwa na kujaa siku za bamvua maji hupanda zaidi ya mita 3. Anayechelewa mwambani hurudi kwa kuogelea. Yule bibi hakujua kusoma, lakini kalenda yake haikukosea.

Matembezi ya mwisho yalikuwa ya mbali, nayo yalingoja likizo. Tulikuwa watatu wa upande wa Ziwani wenye baiskeli za kuazima. Kutoka nyumbani tulikwenda Msimbati, ambako mchanga ulitulazimisha kubeba baiskeli badala ya baiskeli kutubeba sisi. Safari nyingine tuliteremka bonde la Ruvuma. Njiani tulikula ming'oko ya kuchemsha kwa chumvi na, wakati wa msimu, mabibo. Kuhusu uraka, Mwalimu Mkuu yupo hapa, basi nasema tulipita mbali.

Mtoni tuliwakuta wazee wakivuna mpunga na kutazama ng'ambo. Msumbiji ilikuwa imepata uhuru tarehe 25 Juni 1975, baada ya vita vilivyoanza Septemba 1964. Miaka yote hiyo mto ulikuwa mpaka wa vita, na watu waliokimbia walipokewa upande huu na ndugu zao. Wamakonde wako kando zote mbili. Mto huo hauwagawi, unawanywesha. Mzee mmoja alituambia kwamba dada yake aliolewa ng'ambo na kwamba kwa miaka kumi alijua habari zake kwa kusikia tu. Sasa alikuwa anakwenda kumwona kwa mtumbwi, akirudi na kuku. Sisi tulikatazwa kuvuka, maana Wareno waliacha mabomu ya kutegwa ardhini.

Ndugu zangu, mtauliza: hayo yote ya nini? Nieleze.

Baadaye niliajiriwa kuwa Bwana Samaki. Nilipangiwa pwani hii hii, na kazi kubwa ya wakati ule ilikuwa kupambana na uvuvi wa baruti. Vijana wasioijua kazi hiyo nawaelezea. Mtu anawasha utambi, anatupa chupa au kopo la baruti katikati ya kundi la samaki. Mshindo unawaua wakubwa na wadogo pamoja. Wengi huzama, naye huokota wanaoelea. Mwamba wa matumbawe unavunjika kuwa kokoto, na kokoto zinazosukumwa na mawimbi hazioti kitu kwa miaka mingi. Hiyo ndiyo nyumba aliyoisema yule bibi.

Mmoja wa wale watatu wa baiskeli alinaswa na kazi hiyo. Jina lake sitalitaja, ingawa aliniruhusu nieleze habari zake. Mwaka 1984 utambi uliwaka upesi kuliko alivyodhani. Nilikwenda kumwona hospitali. Mkono wa kulia ulikuwa umeishia kwenye kifundo. Alikuwa na watoto wawili. Aliniambia neno moja tu: "Umesikia." Nikasema nimesikia.

Mara ya kwanza nilipoitisha mkutano wa wavuvi, mzee mmoja alisimama akasema, "Bwana Samaki, ofisi inakuleta na karatasi. Wewe unaujua mwamba gani hapa?" Nikamtajia mitatu kwa majina yake, na mkondo unaopita kati yake, na mahali maji yanapoanza kurudi kwanza. Mzee akakaa chini. Wakanisikiliza. Karatasi ile isingenisaidia kitu. Yaliyonisaidia ni Jumapili za Msangamkuu, na swali la mwalimu juu ya tuta la reli.

Sikulimaliza tatizo hilo mimi, wala ofisi yetu. Katika miaka ya 1990 wanavijiji wenyewe wa pwani ya Mtwara, Lindi na Kilwa waliungana katika umoja waliouita Shirikisho, wakasimama hadharani kuwapinga wapiga baruti na wanaowakingia kifua. Rafiki yangu alikuwa akihudhuria mikutano ya kijijini kwake. Hakuwa msemaji. Zamu yake ikifika aliinua mkono ule, akakaa. Mwaka 2000 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Si wote walioipenda, maana ilileta masharti. Lakini waliokaa mezani na kubishana kwa manufaa ya vijiji vyao ni wale walioweza kusema: mwamba huu watoto wa samaki hukulia hapa, mwamba ule hapana.

Hali kadhalika gesi. Iligunduliwa Ghuba ya Mnazi mwaka 1982, ikaanza kuwasha umeme hapa Mtwara mwishoni mwa mwaka 2006, na mwaka 2015 mtambo wa Madimba ukaanza kuipeleka Dar es Salaam kwa bomba. Katikati yake tuliuona mwaka 2013, watu wakapoteza maisha na mali. Siji hapa kuhukumu. Nasema tu kwamba mambo makubwa yataendelea kuletwa katika pwani hii, kama karanga zilivyoletwa, na kila yanapoletwa swali huwa lile lile: nani anapajua mahali hapa, na ameulizwa?

Na upande wa mto mambo yameharibika. Tangu Oktoba 2017 kuna vita Cabo Delgado, na Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya upande wetu kilishambuliwa, watu wakauawa, nyumba zikachomwa. Njia tulizopita kwa baiskeli tukiimba, mzazi wa leo hawezi kumruhusu mwanawe bila kufikiri mara mbili, na ana haki. Ndiyo maana nasema jambo hili linawahusu ninyi zaidi. Sisi tulipatembea wakati njia ziko wazi. Ninyi mkingoja zifunguke zote, wazee wanaoyajua majina watakuwa wamekwisha, na mtabaki na ramani zilizochorwa na wengine.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, sikuja na mchango wa maneno matupu. Nina maombi matatu.

La kwanza ni kwa Mwalimu Mkuu. Naomba Jumapili moja ya kila mwezi iwe ya matembezi, pamoja na mwalimu na mzee mmoja wa mahali panapokwendwa. Waanze na palipo salama: bandarini, Mikindani, Msangamkuu. Upande wa Ruvuma waende pale tu serikali ya kijiji itakaposema hapana neno.

La pili ni kwa wanafunzi. Liwepo daftari. Si lile la ruhusa, bali la majina: mwamba huu unaitwaje, hori hili linaitwaje, mkoko huu ni mkandaa au mchu na unafaa nini, nani ametuambia na lini. Mkimaliza shule, daftari libaki kwa wanaofuata.

La tatu ni kwetu sisi wa zamani. Kila mwaka tunachanga kwa ajili ya kiti na meza. Mwaka huu tuchange pia nauli ya kivuko, chakula cha mchana, na ahsante ya yule mzee, maana elimu yake nayo ina thamani. Mimi natoa nauli ya mwaka mzima kwa darasa moja. Natazama huku mbele nawaona wenzangu kadhaa ambao siku hizi mifuko yao ina zaidi ya shilingi mbili. Mnajua desturi yetu: tajiri hatembei peke yake.