Kura Nyingi, Viti Vichache: Uchaguzi wa Uingereza wa 1951



Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya uchaguzi wa Bunge uliofanywa Uingereza tarehe 25 Oktoba, 1951. Chama cha Labour, ambacho vyama vya wafanya kazi vilishiriki kukianzisha mwaka 1900, kilipata kura karibu milioni 13.9. Conservative na wenzao walipata karibu milioni 13.7. Basi nani aliingia kutawala? Bwana Churchill wa Conservative, kwa viti 321, na Labour wakabaki na 295.

Wengi wakisikia hivyo husema kura ziliibwa. Hazikuibwa. Kule kila jimbo huchagua mtu mmoja, naye hushinda hata akimpita mwenzake kwa kura moja. Zinazozidi hazihamishiwi jimbo jingine.

Tupige mfano wa majimbo matatu. La kwanza ni la wachimba makaa: Labour 30,000, Conservative 10,000. La pili na la tatu, kila moja: Conservative 21,000, Labour 19,000. Jumlisheni wenyewe. Labour wana kura 68,000 na kiti kimoja. Conservative wana kura 52,000 na viti viwili. Ndivyo ilivyowapata wachimba makaa wa Wales ya Kusini na Durham. Walijitokeza kwa wingi mno, kura zao zikarundikana kama mahindi katika ghala moja, na maghala mengine yakapungukiwa.

Tena chama cha Liberal kilisimamisha watu 109 tu katika majimbo 625, na wafuasi wake wengi waliokosa mtu wao walielekea Conservative.

Lakini hesabu siyo yote. Tangu Februari 1950 Labour walitawala kwa wingi wa viti vitano tu, hata wabunge wagonjwa wakaletwa Bungeni kupiga kura. Juu ya hayo wakagombana wao kwa wao. Vita vya Korea vilitaka fedha za silaha, na Aprili 1951 serikali ikaamua watu walipie sehemu ya gharama za miwani na meno ya bandia. Aneurin Bevan, mchimba makaa wa zamani aliyeanzisha matibabu ya bure mwaka 1948, akajiuzulu uwaziri. Harold Wilson naye akajiuzulu. Kwa maoni yetu, kuwatoza wazee kwa ajili ya meno ili kununua mizinga lilikuwa kosa kubwa.

Je, sisi wa Kenya ilituhusu nini? Tusidanganyane kwamba Labour walikuwa malaika kwetu. Wao ndio waliokuwa wakitawala London Mei 1950, ndugu zetu Makhan Singh na Fred Kubai walipokamatwa Nairobi. Makhan Singh hakuachiliwa hadi Oktoba 1961. Na Churchill ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu Oktoba 1952, Hali ya Hatari ilipotangazwa. Mchimba makaa wa Durham aliweza kuiondoa serikali iliyomteua Waziri wa Makoloni, au walau kujaribu. Kuli wa bandari ya Mombasa, aliyetawaliwa na Waziri huyo huyo, hakupewa hata karatasi ya kura.

Labour hawakurudi kutawala hadi Oktoba 1964. Walipoingia, Kenya ilikuwa imekwisha kujitawala tangu tarehe 12 Desemba, 1963.