Ugonjwa wa Madoa Meupe Mabwawani: Dawa Hufuata Kalenda

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya ufugaji wa samaki, Mkoa wa Singida)



Singida hupata msimu mmoja tu wa mvua, aghalabu kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Baada ya hapo maji ya mabwawa hupungua, samaki husongamana, na ifikapo Juni baridi huwadhoofisha. Ndipo ugonjwa wa madoa meupe unapopata nafasi. Chama kilichonunua vifaranga kwa fedha za wanachama wote chaweza kupoteza mtaji huo kwa siku chache.

Dalili zake ni hizi. Perege huonekana ana madoa meupe mithili ya chembe za chumvi juu ya ngozi na mapezi. Hujisugua kwenye mawe na mashina ya mimea, hupumua kwa haraka, na hukusanyika mahali maji yanapoingilia. Wakati mwingine vimelea hukaa ndani ya matamvua tu, samaki akafa bila doa kuonekana.

Kimelea hiki, ambacho Mfaransa Fouquet alikieleza mwaka 1876, kina ngazi tatu za maisha. Kwanza hujificha chini ya ngozi ya samaki na kula humo. Kikishiba hujitoa, hunata juu ya mimea au sakafu ya bwawa, hujifunika, kisha hujigawa na kutoa watoto mamia kadhaa. Hatimaye watoto hao huogelea wakitafuta samaki. Katika maji ya joto wasipompata kwa muda wa siku mbili hivi, hufa.

Yafaa ieleweke kwamba dawa haimfikii mdudu aliye chini ya ngozi, wala aliyejifunika juu ya mimea. Humwua yule anayeogelea tu. Kwa hiyo anayetia dawa mara moja, akaona madoa yametoweka na kutangaza kwamba samaki wamepona, amedanganyika. Vimelea vimeshuka kuzaana, navyo vitarudi vikiwa vingi zaidi. Maji yakiwa na joto la nyuzi 25 mzunguko huo huchukua siku chache; wakati wa baridi huweza kuchukua wiki kadhaa.

Dawa iliyo rahisi ni chumvi ya kawaida, si magadi. Gramu 3 kwa kila lita ya maji, zikidumishwa mfululizo, huwazuia watoto wa kimelea, na perege huzivumilia. Hebu tazameni hesabu. Tangi la lita 1,000 linahitaji kilo 3. Bwawa la meta za mraba 200, lenye kina cha meta moja, lina lita 200,000. Litahitaji kilo 600, yaani magunia 12 ya kilo 50. Zaidi ya hayo, chumvi hiyo yaweza kuua mimea ya majini, nayo ikioza hupunguza hewa majini. Ni dhahiri kwamba ugonjwa huzuiwa tangini, kabla haujafika bwawani.

Vifaranga wapya hutoka mbali. Kutoka kituo cha Kingolwira mkoani Morogoro, mathalani, safari ni yapata kilomita 500, na hata vifaranga wazima huchoshwa nayo. Wawekwe kwanza katika tangi lisilo na mimea, lenye maji ya chumvi, kwa siku 14; wakati wa baridi, wiki nne. Maji yakibadilishwa, chumvi irudishwe kwa kipimo kilekile. Mimea ya majini isihamishwe kutoka bwawa moja hadi jingine. Wavu unaoazimwa baina ya vyama ukaushwe juani kabisa, kwa kuwa kimelea hiki hakistahimili ukavu. Na baada ya mavuno, bwawa liachwe likauke hadi udongo upasuke.

Hapa ndipo kazi ya Katibu inapoonekana. Daftari lake lioneshe tarehe ya kupokea vifaranga, kipimo cha chumvi kila siku, joto la maji, idadi ya waliokufa, na tarehe ya kuwaachia bwawani. Mwanachama anayetaka wafunguliwe mapema aoneshwe daftari hilo. Kimelea hiki hakimdhuru binadamu, lakini mtaji wa chama hukimaliza. Wiki mbili za subira ni nafuu kuliko magunia 12 ya chumvi.