Wawili juu ya jiwe: mambo ambayo miti inatufundisha



Wengine watauliza: nchi iko katika vita, chakula kinapanda bei, na ninyi mnakuja kutuongelesha habari ya miti? Ndiyo. Juu ya nini? Juu swali linalotusumbua ni moja: watu wengi wanaokaa pamoja mahali pagumu wanafanya namna gani ili wasimame bila kumalizana? Msitu ulianza kulijibu swali hilo zamani sana. Sisi tunakaa karibu nao, tunauchoma kila siku kwenye mbabula, lakini hatuusikilizi.

Kwetu tumezoea jibu lingine. Linaitwa Artikle 15: jipange. Maji hakuna? Jipange. Umeme hakuna? Jipange. Mwizi ameingia kwa jirani? Funga mlango wako vizuri. Ni mzaha wa wazazi wetu, na uliwasaidia kuvumilia miaka migumu. Lakini fungua Katiba ya 2006, usome kifungu cha 15 cha kweli. Kinasema mamlaka ya serikali inapaswa kuhakikisha kwamba ukatili wa kingono unaotumiwa kuvunja familia unaondolewa. Ni kifungu cha kulinda watu. Sisi tumeshika kile cha mzaha, kile cha kweli hata hatukijui. Sasa kila nyumba iko na bidoni yake, ukuta wake na woga wake.

Tuangalie miti inafanya namna gani.

Somo la kwanza liko chini ya miguu ya watu wa Goma. Tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo ilimwaga moto mpaka katikati ya mji. Ulikula kanisa kuu, kipande cha uwanja wa ndege, na makao ya maelfu na maelfu ya watu. Jiwe lilipopoa, halikuwa na udongo hata kijiko kimoja. Katika mawe ya namna hiyo, nani anatangulia kuishi? Mti mkubwa haumo. Anayetangulia ni ule utandu wa kijivu ambao tunaukanyaga bila kuutazama. Wataalamu wanauita likeni.

Na likeni si kiumbe kimoja. Ni kuvu na mwani vinavyoishi pamoja. Kuvu inashika jiwe na kutunza maji, mwani unapika chakula kwa mwanga wa jua. Kuvu peke yake pale ingekufa njaa. Mwani peke yake ungekauka. Vikiwa pamoja, vinakaa mahali ambapo hakuna mwingine anayeweza kukaa. Polepole vinamega jiwe, vinashika vumbi, na vikifa vinageuka udongo. Kisha kangaga inaingia katika nyufa, kisha vichaka, kisha miti. Msitu mzima unaweza kuanza hivyo, na wawili.

Wengi wetu tunasema: tutaanza siku tutakuwa wengi, siku tutapata pesa, siku mtu mkubwa atatusukuma. Likeni haikungoja hayo yote. Tena wale wawili hawafanani: kila mmoja analeta kile mwenzake hana. Katika avenu yako kuna anayejua kuandika barua ya kupeleka kwenye komine, na kuna anayejulikana na kila mama wa soko. Wakiwa mbalimbali, ni watu wawili wenye kulalamika. Wakikaa pamoja, kazi imeanza.

Somo la pili ni la parasolie. Ukishuka Walikale ao ukienda Mambasa unaiona pembeni ya barabara, yenye majani mapana kama mwavuli. Mti mkubwa ukianguka ao shamba likiachwa, mbegu za parasolie zilizokuwa zinalala ndani ya udongo zinaamka na mwanga. Inakua mbio sana. Inafunika udongo usichomwe na jua. Lakini watoto wake hawawezi kukua chini ya kivuli chake. Wanaokua pale ni miti ya aina nyingine, ile ya polepole na ya kudumu. Parasolie inaishi miaka kama 20 hivi, kisha inakufa na kuwaachia nafasi.

Fikirini mti ule ungekataa kutoka. Msitu ungebakia kichaka. Ndiyo maana kifungu cha 70 cha Katiba kinampa rais miaka 5, inayoweza kurudiliwa mara moja tu, na kifungu cha 220 kinakataza kugusa hesabu hiyo. Na tusiwanyooshee wakubwa vidole peke yao. Shefu wa avenu, prezida wa chama cha wamotari, kiongozi wa koro, na sisi wenyewe ndani ya harakati: kama tumekaa miaka mingi na hakuna kijana aliyekua chini yetu, kivuli chetu kimekuwa kibaya. Anayefungua njia anastahili heshima. Lakini njia si mali yake.

Somo la tatu linauma. Tarehe 4 Mei 2023, mvua kubwa ilinyesha Kalehe. Mito ilishuka na matope na mawe juu ya Bushushu na Nyamukubi, na watu zaidi ya 400 walikufa. Mvua ilikuwa kali, hiyo tunaijua. Lakini tunajua pia kwamba mlima uliovuliwa miti hauna kitu cha kushika udongo. Mizizi ya mti mmoja haizuii mlima. Mizizi ya miti mingi, ya aina mbalimbali, mirefu kwa mifupi, ikipitana chini ya ardhi, hiyo ndiyo inashika. Maji yaliposhuka hayakuuliza mtu anasema lugha gani nyumbani. Anayekuja kutuambia tutakuwa salama tukibakia watu wa kabila moja, huyo anatukatia mizizi.

Hatutaki kuwadanganya kwamba msitu ni mbinguni. Miti inagombania mwanga. Kuna aina ya mkuyu unaoanza kama mbegu ndogo, iliyoangushwa na ndege juu ya tawi la mti mwingine. Unashusha mizizi, unamzunguka mwenyeji wake, na baada ya miaka mingi anakufa akiwa amesimama. Watu wa namna hiyo tunawajua. Kwa hiyo umoja unahitaji macho pia. Pesa ya likelemba iandikwe, na isomwe mbele ya wote kila mwezi. Anayekasirika kwa kuulizwa hesabu, mumuulize tena.

Sasa makala. Mengi yanayopikiwa Goma yanatoka Virunga, hifadhi ya taifa ya kwanza Afrika, iliyoanzishwa mwaka 1925. Walinzi wake zaidi ya 200 wamekufa kazini. Vikundi vya silaha vinakula pesa kwenye magunia. Lakini mama anayenunua kopo la makala hatumlaumu, juu watoto lazima wale. Kumwambia tu «acha makala» ni kumrudisha kwa Artikle 15. Kazi yetu ni kusimama naye kudai umeme ambao bei yake anaiweza. Kifungu cha 53 kinasema kila mtu ana haki ya mazingira mazuri, na ana wajibu wa kuyatetea. Haki na wajibu viko katika kifungu kimoja.

Tunawaomba mambo matatu kabla mwezi haujaisha. Kwanza, tafuta jirani mmoja ambaye hamfanani, mchague pamoja shida moja ya avenu. Pili, mfanye salongo moja, mzibue mifereji kabla mvua haijakuja. Tatu, mpande mti, na muandike jina la mtu atakayeumwagilia maji. Mti usio na mtu wa kuumwagilia ni picha ya simu tu.

Jiwe tunalo tayari, tena kubwa. Udongo tutautengeneza wenyewe, wawili wawili.